Kiwanda Kijengwe Pale Nilipopigwa Risasi

Fungeni huo mlango, na mtu asianze kulia mpaka nimalize, kwa sababu mimi Kulow sijawahi kukatizwa maneno na mtu aliye hai na sitaki kuanza leo. Hani, binti yangu, washa simu urekodi. Nitasema Kiswahili, si Kisomali, ili yule mama wa Nairobi anayetaka kutujengea kiwanda cha maziwa asikie kwa sikio lake, asije akaambiwa na watu wa kutafsiri kwamba Kulow alisema hivi na kumbe Kulow alisema vile. Umewasha? Haya. Kerrow, mwanangu wa kwanza, keti. Nimesema keti. Hiyo bunduki ilaze chini ya kitanda changu, nisikie ikigusa sakafu. Bado sijasikia. Ehe.

Daktari walifanya kazi yao, msiwalaumu. Walitaka kunipeleka Nairobi kwa ndege, mimi ndiye nilikataa, nilisema nirudisheni nyumbani kwangu Garissa, kama ni kufa nife nikisikia adhana ninayoijua. Risasi iliingia hapa chini ya kitovu, ikatembea huko ndani kama mtu anayetafuta choo gizani. Mtu wa kawaida angekufa palepale kisimani. Mimi nimewaongelesha daktari siku nzima mpaka wao ndio wakachoka.

Sasa, najua mpango wenu, msinifanye mjinga. Ndugu yangu Ayanle amekaa hapo uani na vijana wa ukoo, na wewe Kerrow unangoja tu nikate roho uende ukammalize Yarow aliyenipiga, yeye na ndugu zake na mbuzi wao mpaka paka wa nyumbani kwao. Hamu hiyo naijua, mimi ndiye niliyeizaa. Lakini wosia wangu ni huu, na nausema mapema ili hata nikifa katikati mjue: Yarow asiguswe. Akiguswa, kiwanda kinaenda Isiolo, na mimi nitakuwa nimekufa bure kama mbwa aliyegongwa na lori la mchanga, na mimi si mtu wa kufa bure.

Mama, wewe wa Nairobi, uliniuliza nguvu ya upande huu wetu iko wapi. Nilikujibu nguvu ni mimi, ukacheka. Basi sikia tena. Hapa Garissa tuko na Mto Tana, tuko na lami mpaka kwenu, lori likitoka hapa baada ya swala ya alfajiri, adhuhuri linapiga honi Nairobi. Siku ya soko la mifugo vumbi letu linaonekana kutoka mwezini. Wajir kuna ngamia ambao hata kuwahesabu ni dhambi. Kutulo wanawake wanakamua wakiwa wamesinzia na tone halianguki. Mandera unaweka mguu mmoja Kenya, mguu wa pili Ethiopia, na kivuli chako kinaangukia Somalia, na watu wa pande zote tatu asubuhi wanataka maziwa kwenye chai. Jua tunalo la kumwaga, ukitaka umeme livune. Ngozi tunawatupia fisi. Ubani unajitokea wenyewe kwenye miti, hakuna aliyeupanda. Na haya maziwa yenyewe, mama, mpaka leo yanapanda basi ndani ya madumu ya plastiki, yanachacha kabla basi halijafika Mwingi, Nairobi bado mbali, na sisi tunajiita matajiri! Mimi sijasoma, jina langu nikiliona limeandikwa napita tu, lakini kila mwekezaji aliyewahi kuvuka lile daraja la Tana mimi ndiye nilimvusha. Wachina walinishika mikono wakilia.

Huyu mama hakulia. Huyu ni mgumu. Alikaa hapo mlipokaa, akanywa chai yangu, akasema, "Mzee Kulow, maneno nimeshiba. Nataka kuona kwa macho kama maziwa yanatosha hata wakati wa kiangazi." Nikamwambia, njoo Alhamisi kisima cha Hagarbul, utaona ngamia mpaka macho yakutoke machozi.

Hagarbul kisima ni kimoja na pande ni mbili, sisi na wao watu wa Yarow, na kila upande una siku yake ya kunywesha, hata ngamia wenyewe wanazijua. Alhamisi ni siku yao. Mimi nikawaleta ngamia wetu wote Alhamisi hiyohiyo, sikumwomba mtu ruhusa, ili mama aone mali ya pande zote mbili imejaa bonde moja. Watu wanasema hapo Kulow alikosea. Nani, mimi? Ungeliona lile bonde! Ngamia elfu kumi. Usinitazame hivyo, Kerrow. Sawa, elfu tatu. Mama alishuka kwenye gari akafunika mdomo kwa mkono, na mimi nikasema moyoni, kiwanda hicho kimekuja.

Halafu dume letu na dume lao wakashikana shingo. Wewe ulikuwa pale, Kerrow, lakini uliona kwa hasira, mimi niliona kwa macho. Wakaangusha hori, maji yote yakaingia mchangani, na ngamia wenye kiu wakakanyagana kufuata tope. Timiro, dada yake Yarow, alikuwa ameinama anateka. Walimpitia juu. Nilisikia mfupa wa paja lake ukikatika kama kuni kavu, na yule msichana hakupiga kelele, aliuma mtandio wake tu mpaka ukachanika. Ndugu zake wakageuka kutuangalia. Kwanza zilitembea fimbo. Kijana wetu mmoja alipasuliwa kichwa mpaka nikaona kitu cheupe ndani. Halafu zikatoka panga, na sikio la mtu likaanguka kwenye ndoo ya maji, na mwenye sikio akaingiza mkono kulitafuta huku anaendelea kupigwa mgongoni. Mimi niliangusha wanaume tisa. Wa kumi alinishika koo nikamng'ata kidole gumba, bado nina ladha yake. Ndipo bunduki ikalia. Ngamia wangu mwekundu, yule mama wa maziwa, akapiga magoti akiwa na maji mdomoni, na damu na maji vikatoka pamoja kwenye tundu la shingo, na ndama wake akaendelea kunyonya. Watu wote walikimbia kurudi nyuma. Mimi nilikimbia kwenda mbele, nikiifuata bunduki, hiyo msisahau kuwaambia watoto wenu. Yarow alikuwa mbali kama kutoka hapa mpaka msikitini. Hapana, wacha niseme kweli, alikuwa karibu, ningeweza kumtemea mate. Akafyatua.

Mama wa watu alikuwa amelala chini ya gari lake, viatu tu ndivyo vinaonekana.

Na jana alipiga simu. Hani ndiye aliyeipokea, Ayanle akamkataza asiwaambie. Mwambie, Hani. Basi nitasema mimi. Alisema maziwa ameyaona na damu ameiona, na bado anautaka mji huu. Lakini akisikia mtu mwingine hata mmoja ameuawa kwa sababu ya kile kisima, anafunga mizigo anaenda Isiolo na daraja letu halivuki tena. Umesikia, Kerrow? Mtu mmoja tu. Risasi yako moja itaua watu ambao hawajazaliwa, itawaacha wanachunga ngamia mifupa na kuuza maziwa yaliyochacha kando ya barabara, na lori za Isiolo zinawapita zikiwarushia vumbi.

Nipeni maji. Kidogo. Lowesheni midomo tu.

Unauliza, Ayanle, wewe hapo dirishani, usijifiche, nasikia unavyokohoa, unauliza tangu lini Kulow ni mtu wa amani. Sijawahi kuwa mtu wa amani! Baba yake huyo Yarow nilimvunja taya kwa ndoo ya chuma palepale Hagarbul, kiangazi kile ngamia walikuwa wanalamba vioo vya magari kutafuta unyevu. Alikunywa uji kwa mrija mpaka alipokufa, Mungu amrehemu, na nilifurahi kila asubuhi. Majambazi wa barabara ya Modogashe walinizingira wakiwa saba, nikawapiga kwa fimbo ya kuchungia, waliobaki wakaniomba nauli ya kwenda kwao. Fisi alinishika mkono nikamng'ata pua. Sisemi msiue kwa sababu naogopa damu. Nasema msiue kwa sababu hii damu ni yangu, na mwenye kitu ndiye anasema kitumike vipi.

Na kuna jambo hamjui. Kerrow, sogea. Wewe uliporudi na pikipiki pale nilipoanguka ulinikuta tumbo limefungwa kikoi, ukafikiri ni watu wetu walionifunga. Watu wetu walikuwa wamefika nusu ya njia ya Dadaab. Aliyenifunga ni Yarow. Alitupa bunduki, akavua kikoi chake akabaki na kaptura mbele ya dada zake, fundo linamfunguka analifunga tena, anasema, "Adeer, nisamehe, adeer, usife, nilipiga ngamia, sikutaka kukupiga wewe." Aliniita adeer, baba mdogo, mimi niliyemvunja baba yake taya! Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya Hani. Akaendelea kufunga. Alibonyeza jeraha kwa viganja vyake viwili mpaka aliposikia pikipiki yako, ndipo akakimbia, maana alijua utampiga risasi kabla hajasema neno. Bila yule mtoto msingepata hata wosia. Mngezika maiti isiyosema kitu, na maiti ya Kulow isiyosema kitu nani angeamini ni yangu?



Sasa mali. Ngamia wangu na nyumba hii, sheikh atawagawia kwa sharia, na Hani apate haki yake mkononi mwake, nisisikie kaka yake anamwekea. Mama yenu asihamishwe chumba chake. Lakini ile theluthi ambayo Mungu ameniachia niseme mwenyewe, naitoa hivi: ile shamba yangu ya karibu na Hagarbul, pale kwenye mawe meusi nilipoangukia, ni ya kiwanda. Mama, umesikia? Ardhi bure. Jenga hapohapo, weka mtambo wa kupoza maziwa palepale damu yangu ilipoingia. Masharti yangu ni mawili. Maziwa ya pande zote mbili yapokelewe siku zote, hakuna siku yetu na siku yao. Na mlinzi wa geti awe Yarow. Msicheke. Mtu aliyeweza kumwangusha Kulow, mwizi gani atajaribu?

Nini? Mlango? Hani, angalia nani anagonga.

Wazee wao. Wangapi? Wana silaha? Na wamemshika nini kwa kamba, sema vizuri, binti, sauti yako imekuwa ndogo. Ngamia jike. Na ndama. Alhamdulillahi.

Kerrow, unajua maana yake, lakini nitaisema kwa ajili ya mama anayesikiliza. Wameleta ngamia wa maziwa kabla ya mazishi, maana yake damu hii wanasema ni juu yao na watailipa. Mwana wa mtu aliyepigwa akitoka akamfukuza huyo ngamia kwa fimbo, ni vita mpaka wajukuu. Akitoka akamkamua kwa mkono wake mwenyewe na akanywa mbele yao, kisasi kimekwisha, yaliyobaki ni maneno ya wazee. Mimi siwezi kusimama. Ningesimama ningemkamua kwa mkono mmoja. Ni wewe. Bunduki iko chini ya kitanda hapo, chombo cha kukamulia kiko ukutani hapo. Sikushiki. Chukua unachotaka.

Chukua, Kerrow.

Amechukua nini? Hani, sioni vizuri. Kuna kiza, au nyinyi ndio mmefunga pazia? Amechukua nini?

Ahaa. Ahaa, mwanangu.

Fungua dirisha nisikie. Nyamazisha watu uani. Hiyo... hiyo ni maziwa inaingia kwenye chombo. Sikia inavyogonga. Huyo ngamia ni mzuri, wametoa mzuri. Mama wa Nairobi, hiyo unayosikia ni kiangazi, mvua imekataa miezi na miezi, na sikia bado inavyotoka. Lita ishirini. Hapo ni... lita thelathini, mkamuo mmoja.

Amekunywa? Mbele yao? Na Ayanle? Mpeni Ayanle. Mwambieni kaka yake amesema anywe, na asipokunywa nitaamka. Amekunywa. Umeona mwenyewe? Basi.

Mungu awape... Kerrow, Hani, na mama yenu. Mungu awape watoto wengi na ngamia wengi na kisima kisichokauka. Awape kiwanda. Awape mdomo kama wa kwangu. Mtu asimzike Kulow haraka, wangojeni wa Wajir wafike, watataka kuniona. Msilie kwa sauti. Semeni... semeni nilikuwa mtu mkubwa, hiyo si uongo.

Sasa nigeuzeni kibla. Polepole, hapo tumboni. Hamuwezi, acheni, mtaniangusha. Waiteni wale wazee wa upande wa pili waingie, washike na wao. Mimi ni mzito. Nyinyi peke yenu... hamniwezi.