Kibao cha Baba

Muuguzi alikuwa ndani ya basi akitoka zamu, kichwa chake kinadai mto, ila masikio yake hayakuwa na likizo. Kiti cha mbele, fundi bomba alikuwa amepakata kibao cha shaba kilichochongwa: "In memoriam, Baba Yetu Mpendwa." Jirani yake, mwalimu mstaafu, akakisoma.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Msiba gani, mama?"

"Hicho ni Kilatini, 'kwa kumbukumbu'. Huandikiwa marehemu."

"Marehemu! Mbona nimemwacha anagombana na redio?"

"Basi umemzika angali anapumua."

Fundi alikigeuza kibao, kana kwamba nyuma kungekuwa na nafuu. "Mchongaji aliniambia hii ndiyo heshima kubwa kuliko zote."

"Ni kweli. Ila mwenyewe huwa hayupo."

"Sasa heshima gani hiyo, mama, anayepewa hayupo?"

Mwalimu akakisoma kibao upya. Muuguzi naye hakujua amuunge mkono nani. Amewaona wengi wakimwagiwa sifa msibani na watu ambao wodini hawakukanyaga hata siku moja.

Basi likasimama. Kituoni alingoja mzee mwenye fimbo, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama. "Kiko wapi?" aliuliza kabla mwanawe hajashuka. "Hebu nisomee. Wameniandika nini?"

Fundi akamgeukia mwalimu. Mwalimu akainamia mkoba wake. Hata dereva, ambaye hana mazoea ya kumngoja mtu, hakuondoa gari.