Waringa wa Pili

Basi lilipotoka Parklands, mama mjamzito mbele yangu alimwonyesha mzee jirani yake pamba iliyobandikwa mkononi, kama nishani. "Watafiti wamechukua damu, watafute dalili za uvimbe wa ndani ya mwili unaoendana na ugonjwa wa mama yangu wa kutetemeka. Ugonjwa huo ni wa ukoo." Mzee akatazama tumbo. "Na huyo?" "Msichana wa pili, na kwetu wa pili huchukua jina la mama ya mama. Ataitwa Waringa, kama mama yangu." "Usimpe jina la mgonjwa, atarithi." "Mzee, huo hufuata damu, haufuati jina." "Na damu yako ikiwa nao?" "Watafiti watajifunza kwangu. Jina ni letu."

Nyanya niliyepewa jina lake alifukuza waume watatu. Mimi nimefukuza wawili.

River Road mama akashuka, mzee bado anatikisa kichwa. Mama akapapasa tumbo lake: "Waringa, twende."