Mke wa Dirishani, Amerika

Jambo la mwisho la kawaida Ijumaa ile lilikuwa Badawi kulalamika kwamba kahawa imezidi iliki, kisha akaomba kikombe cha pili. Walikaa kwenye benchi lao nyuma ya maduka ya vitambaa, Bur Dubai: Badawi, dereva huko Mirdif, aliyeitwa Rivasi tangu alipobamiza geti la arbab wake, yaani tajiri wake, kinyumenyume, Ummulkheir, mfanyakazi wa ndani Al Warqa, waliyemwita Balozi kwa kujua siri za kila villa, na Francis, mlinzi wa jengo la fleti, aliyeitwa Digrii kwa sababu alikuwa nayo. Tangu mkewe Loise afariki, Francis alikuja, akanywa, akanyamaza. Kesho yake shule moja ya bweni Nairobi, ya watoto wa wenye uwezo, ilitaka jibu: binti yao Damaris anakuja au haji? Naye Damaris kwenye simu alijibu “sawa, Baba” tu. Basi Francis, kukwepa kuwaza hilo, akawasimulia hadithi fupi kutoka kitabu cha Kimarekani alichoachiwa na mpangaji aliyehama.

— Mume ana kazi nzuri. Nyumba ya ghorofa, magari mawili, bustani. Kila jioni mke akishaosha vyombo husimama dirishani, akaitazama nyumba ya jirani. Kuna kitu anakitamani. Hadithi inaishia hapo.

— Hapo? Badawi akauliza. Mwandishi aliishiwa wino!

— Ngoja, Digrii, akasema Ummulkheir. Aosha vyombo mwenyewe? Nyumba ya ghorofa?

— Mwenyewe.

— Mfanyakazi yuko wapi?

— Hayumo.

— Yumo! Mwandishi kamficha. Villa haijifagii, baba.

— Wallahi kweli! Badawi akadakia. Mfanyakazi katorokea kwa jirani, madam amsaka kwa macho. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Jembe limeingiaje hapo, Rivasi?

— Jembe, sufuria, yote si kazi?

— Mwone! akasema Ummulkheir. Mke huyo atamani jiko la jirani. Madam wangu alibomoa jiko zima baada ya kuona la shoga yake. Na kupika hapiki!

— Basi mfanyakazi ndiye aliyekiandika hicho kitabu, akasema Badawi. Kajitoa mwenyewe, asije akaitwa kupiga pasi!

Francis akacheka, akajishangaa. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Mwatima, mpwa wa Ummulkheir aliyefika juzi kutoka Mombasa, alikuwa ameketi mwisho wa benchi muda wote, akisikiliza.

— Kwani mumewe hakumwuliza ataka nini? akasema.

Badawi akamtazama Ummulkheir. Ummulkheir akamtazama Francis. Francis akaipitia hadithi kichwani, ukurasa baada ya ukurasa. Mume alizungumzia gari, cheo, rangi ya ukuta. Swali hilo halikuwemo.

— Khalas, kahawa imekwisha, akasema Badawi, na kikombe chake kilikuwa nusu.

Asubuhi Francis hakuipigia shule. Alinunua kadi ya simu, akapiga Machakos kwa mama mkwe, akaomba kuzungumza na Damaris.

— Shule inangoja jibu, mwanangu. Sijawajibu. Wewe wataka nini?

Damaris akavuta pumzi, akaanza kusema. Francis akaketi ukingoni mwa barabara, akasikiliza bila kumkatiza hadi kadi ikaisha, akavuka kwenda kununua nyingine.