Mashine ya Chini ya Ngazi

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi mitandao wa wizara alimtambia mama aliyeketi kando yake. "Anwani za zamani za kompyuta na printa kwenye mtandao tunazizima leo saa nne. Mashine zote zimeshapewa mpya. Orodha hii hapa, nimeipitia mara tatu. Mimi nikihamisha kitu, kimehama!"

Mama huyo, karani wa masijala ya wizara hiyo kwa miaka ishirini, aliisoma bila haraka. Maneno matamu hayakuwahi kumpandishia faili ngazi.

"Umeichapia wapi, mwanangu?"

"Kwenye printa kuukuu ya masijala, chini ya ngazi."

"Ndiyo inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Mbona humu siioni?"

"Haiwezekani, mama!"

Treni iliposimama penye wizara, mama alishuka. Fundi alibaki kitini, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mara ya nne.