Ombi la Wasikilizaji wa Chumba Namba Nne Kuhusu Rekodi Zilizosafishwa

Mgeni rasmi, Naibu Mkuu wa Chuo. Walimu wetu, na ndugu mliotushika mkono hadi hapa: salamu nyingi.

KARIBU

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea, nasi tumekuja na maradhi yetu. Sisi ni wakazi kumi na wanane tusioona, majirani wa chuo hiki. Anayekusomea anatumia vidole. Akikwama mvumilie, maana karatasi ya nukta nundu ikikunjwa mfukoni herufi hulala.

TULIKOTOKA

Miaka tisa iliyopita chuo kilianzisha huduma ya kutusomea. Kila Jumatano alasiri wanafunzi walikuja Chumba Namba Nne, kila mmoja akakaa na mtu wake. Walitusomea magazeti, barua za wanetu, maandishi ya chupa za dawa, na vitabu. Kinasa sauti kilikuwa mezani, ili mtu aende na kitabu chake nyumbani.

Mwenzetu mmoja tunamwita Bibi Taipu, kwa kuwa alipiga taipu ofisini miaka thelathini kabla macho hayajamwacha. Yeye alichagua kitabu cha ufugaji nyuki. Mzinga hana, na nyuki anawaogopa kama sisi sote. Alisema barua za ofisi zimemtosha, sasa anataka habari za viumbe wanaofanya kazi bila kuandikiana. Msomaji wake alikuwa binti wa sheria, tukimwita Wakili, mwepesi wa kicheko na mzito wa maneno marefu.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, na tusije tukaambiwa shukrani ya punda ni mateke. Vitabu mia mbili vimerekodiwa. Kila mmoja wetu amepewa redio ndogo ya vitabu. Mwaka huu fundi mitambo amezikusanya zote, akasafisha rekodi: chafya, viti kukwaruza, milango, vyote vimeondoka. Leo umekuja kuzindua kazi hiyo. Kweli, sauti imetakata.

CHANGAMOTO

Vitabu vilipokwisha kurekodiwa, wasomaji walipungua, kisha wakaisha, Jumatano tukawa tunakutana sisi na redio zetu tu. Wakili alihitimu, akaaga vizuri, akaenda kutafuta maisha. Hatumlaumu. Ila katika sura ya tatu ya nyuki alikuwa amesita, akauliza, "Bibi, umelala?" Siku ile Bibi Taipu alitikisa kichwa tu. Lakini nyumbani, anakoshinda peke yake kwa kuwa mwanawe na mkwewe wako kazini, kila rekodi ilipofika hapo alijibu, "Sijalala, mwanangu. Endelea." Na Wakili akaendelea.

Siku moja mkwewe alirudi mapema.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na Wakili."

Bibi mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akicheka. Tukacheka naye, halafu tukaanza kuungama, maana kila mtu alikuwa na yake. Seremala wetu alikuwa na chafya moja katikati ya kitabu cha historia, na hakuwahi kuiacha ipite bila kuiambia, "Afya!"

Redio iliporudi kutoka kusafishwa, Bibi alifungua sura ya tatu akangoja. Nyuki wakapita moja kwa moja hadi sura ya nne. Akarudisha nyuma mara nne, akidhani amepitiwa na usingizi. Jumatano akaja na redio mkononi.

"Baba, humu kulikuwa na mtu," alimwambia fundi.

"Mama, nimetoa kelele tu."

"Mrudishe."

Fundi akasema rekodi za zamani zimefutwa. Ni mtu mwema, alifanya alichotumwa, na sauti yake ilionyesha kwamba imemuuma. Bibi Taipu alikaa pale hadi chumba kikafungwa. Tangu siku hiyo redio hajaiwasha.

Sasa tumesikia kwamba Jumatano zitasitishwa muhula ujao, kwa sababu mpango umefikia lengo. Mgeni rasmi, kosa hili ni letu pia. Kila fomu ilipouliza tunahitaji nini, tuliandikiwa "vitabu", nasi tukatia dole gumba. Tuliona haya kusema kwamba tunakuja kwa ajili ya wasomaji. Mtu mzima atasemaje kwamba ana upweke, na fomu haina nafasi hiyo?

OMBI

Tunaomba Jumatano ibaki. Tuletewe wasomaji hata wawili, hata wanaokwama kwenye maneno marefu. Kitabu kikiisha tuanze tena mwanzo. Wakikosa cha kusoma wakae tu, tutawauliza habari za kwao.

Mungu akuzidishie afya, na uzeeni akujalie watu wa kukukatiza maneno.

Kabla hatujakaa, kuna moja limebaki. Tumeambiwa umeketi kiti cha mbele, lakini tangu tuanze kusoma hatujakusikia. Wakubwa wana shughuli nyingi, huitwa nje kwa simu, na sisi tumewahi kusomea kiti kitupu hadi mwisho, kisha tukakipigia makofi. Bibi Taipu anauliza kama upo. Tafadhali itika, tumesimama tunasubiri.

Ni sisi,
Wasikilizaji wa Chumba Namba Nne