Mkono wa Kushoto wa Daktari Gentrix Awinja

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na wifi yake, Wendy Shivachi, nyumbani Khayega, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025

Jamaa, majirani na wageni wetu, tulieni niwaeleze maisha ya wifi yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema nisome mimi, kwa sababu eti sauti yangu inafika barabarani bila spika.

Dkt. Gentrix Awinja alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 huko Bukura, kifungua mimba wa marehemu Mzee Wandera, aliyefanya kazi katika shamba la chuo cha kilimo, na marehemu Mama Peris. Alianza darasa la kwanza hapo hapo Bukura mwaka 1983, akasoma sekondari mjini Kakamega, kisha uuguzi katika chuo kikuu Eldoret. Baadaye alisomea afya ya umma Nairobi hadi akapata uzamifu mwaka 2014. Kuuliza maswali alianza mapema. Mzee Wandera alikuwa akisema kwamba mtoto huyu ukimtuma chumvi, atarudi na chumvi pamoja na habari zote za nyumba ya mwenye duka.

Alifanya utafiti juu ya jambo ambalo wengi wetu tulilisemea pembeni tu, mpango wa uzazi. Alitaka kujua kwa nini akina mama wa huku wanawekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi, halafu wanakimbia kukitoa mapema. Mkutano wake wa kwanza, Agosti 2009, ulivunjika kabla ya maombi. Aliwaita waume, wake zao na mama wakwe katika ukumbi mmoja wa kanisa. Msomi mzima, mtoto wa hapa hapa, akasahau kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, sembuse kuzungumza habari za uzazi. Wanaume walipowaona mama wakwe zao wakiingia mlangoni, walitoroka kupitia madirishani. Mmoja aliacha kiatu. Gentrix alicheka kisa hicho hadi mwisho wa maisha yake, na tangu siku ile akaketi na kila kundi peke yake.

Akina mama walipokuwa peke yao, walisema. Hakuna aliyewaonya kwamba hedhi ingebadilika, kwa hiyo walidhani wanakufa. Alisumbua zahanati mpaka wakaanza kueleza hayo mapema. Alisumbua pia wauguzi waliokataa kutoa kijiti. Msimamo wake ulikuwa kwamba anayetaka awekewe, na aliyechoka atolewe bila kuhojiwa kama mwizi.

Aliolewa na kaka yangu Erastus tarehe 8 Desemba 2001, wakabarikiwa mabinti wawili, Muhonja na Imali. Baada ya hapo akawekewa kijiti katika mkono wa kushoto, na kwenye mikutano alikunja mkono wa blauzi na kuwaambia wanawake, "Gusa, usiogope." Mama yetu Teresa hakupendezwa. Yeye alizaa tisa, na alikuwa akisubiri mvulana wa kubeba jina la baba yetu. Kwa miaka mingi alimwambia kila mpita njia kwamba kijiti hicho kitammaliza Gentrix. Waliendelea kupikiana ugali na ingokho, kuku wetu wa kienyeji, lakini neno lile halikufutika.

Mwaka 2022 aligunduliwa na ugonjwa wa figo wa kurithi, ule ule uliomchukua baba yake. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Kakamega. Kifo hakikumtisha. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni aliniambia, "Wendy, watasema ni kijiti. Wasichana watakimbia kukitoa, na kuna atakayekufa kwa mimba asiyoitaka. Usome ugonjwa wangu wazi." Alitutoka Jumapili tarehe 9 Novemba 2025. Sitadanganya mbele ya jeneza: aliteseka, na tulipoambiwa yamekwisha, tulishusha pumzi.

Juzi Alhamisi akina mama walipoleta kuni na unga, nikasikia mmoja akinong'ona, "Ni ule mkono." Nilikuwa nainuka nimjibu, Mama Teresa akanitangulia.

"Mzee Wandera alikufa na figo hizo hizo," alisema. "Yeye aliwekewa kijiti na nani?"

Watu walicheka, matangani kabisa. Mama hakucheka. Akasema, "Hayo maneno niliyaanzisha mimi, na leo nayamaliza. Mtoto wangu ameuawa na figo."

Jioni ile dada mmoja kutoka sokoni, ambaye alikuwa amepanga kwenda kutolewa kijiti Jumatatu, aliniambia haendi tena. Nilienda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha.

Ameacha mumewe Erastus, mabinti zake Muhonja na Imali, sisi mawifi na mashemeji, na Mama Teresa, aliyeniagiza nimtaje kama mzazi wake.

Wifi, nimesoma wazi, na hata walio barabarani wamesikia. Pumzika sasa kwa amani.