Maisha ya Florent Kyomba, Aliyepaka Rangi Lori la Papa Grégoire

Padri wetu, jamaa wapendwa, majirani wa Kataki, na ninyi mliopanda meli kutoka Moba ili kutusindikiza, mimi ni Marthe, dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu mbele ya kaburi lake. Baadhi ya ndugu wameniomba nisome mambo ya kawaida tu: kuzaliwa, shule, kazi na ndoa, halafu niketi. Nitayasoma yote hayo. Lakini tangu juzi mjane wake ameketishwa jikoni, mbali na maiti ya mumewe, kwa ajili ya neno lililosemwa katika msiba huu. Neno hilo nalo nitalijibu, maana kaburi likishafunikwa kila mtu atarudi kwake na hakuna atakayetaka kunisikiliza.

Florent Kyomba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 huko Kirungu, katika milima ya Marungu, mtoto wa pili wa hayati Papa Alphonse Manda, mkulima wa maharagwe, na hayati Mama Célestine. Ilikuwa majira ya baridi, na mama alimfunga katika koti la baba kwa sababu hakukuwa na blanketi la kutosha. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na alikuwa mzito. Mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipoondolewa kwenye vitambulisho, biro ya serikali ilimwandika Kyomba Manda. Nyumbani na kanisani alibaki Florent. Ukimwita "Citoyen Kyomba", yaani raia Kyomba, alikuitikia polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Kirungu kuanzia mwaka 1948, akaenda shule ya ufundi Baudouinville, ambayo leo ni Moba, na mwaka 1958 akapata cheti cha useremala. Huko ndiko alikoshika brashi mara ya kwanza. Mapadri walimpa mabenchi ya kanisa ayapake rangi ya kijani kabla ya Pasaka, naye akawahakikishia kwamba yamekauka. Katekista aliketi akiwa na suruali yake nyeupe, mpya. Misa nzima waumini walimwona akisimama na kupiga magoti na mistari miwili ya kijani nyuma yake, na mama yetu alicheka mpaka akatoka nje. Tangu siku ile Florent hakumwambia mtu yeyote kwamba rangi imekauka bila kuiketia yeye kwanza.

Mwaka 1959 alipanda meli kuja Albertville, yaani hapa Kalemie, akapata kazi katika garaji ya Mgiriki mmoja. Huyo alimfundisha kupuliza rangi kwa pistole, ile bomba ya mkononi, na kompresa ya hewa. Alimfundisha pia desturi ya wapuliza rangi wote wa mji huu: ukimaliza kazi, unakunywa kikombe cha maziwa ili kusafisha kifua. Florent aliishika desturi hiyo kama alivyoshika sala. Mwaka 1974 garaji ilipata mmiliki mwingine, ikafa, naye akafungua yake Kataki.

Katika kazi alikuwa mtu wa masharti. Alimwagia uwanja maji kwanza, vumbi lisiruke. Alipuliza nje, asubuhi, ziwa likiwa limetulia, na upepo ukitoka nyuma yake. Jiko la makaa halikukaribia thinner yake ya kuyeyushia rangi hata kidogo. Siku moja mfanyabiashara mkubwa wa mji aliingia na sigara mdomoni. Florent aliichomoa, akaizamisha katika kopo la maji, akamrudishia mkononi. Akamwambia: "Papa, utaivuta nyumbani, ikishakauka." Mtu huyo alikasirika sana, lakini gari lake hakulipeleka kwa fundi mwingine.

Tarehe 9 Julai 1966 alifunga ndoa kanisani na Adrienne, binti wa mvuvi kutoka Fizi. Wengine wetu hatukupenda. Tulisema ni mtu wa mbali, Mubembe, hatujui watu wake. Adrienne alituandalia chakula miaka ishirini na miwili, na bado kuna watu hapa wanaomwita mugeni. Ndiye aliyemshonea mumewe maski za kitambaa cha pamba, tabaka nne, akazifua kila jioni, kwa sababu zile nzuri zenye chujio zilizoletwa kutoka Bujumbura zilikuwa zimekwisha na hazikupatikana tena. Maziwa ya unga aliyanunua kwa faida ya samaki wakavu aliowauza. Watoto wao, Emile na wadogo zake, walikunywa kutoka kopo lilelile.

Sasa nafika kwenye lori, mnalolijua wote, kwa sababu ndilo lililomleta Florent kanisani asubuhi ya leo. Papa Grégoire, ambaye ameketi pale mbele, alikuwa na cheo cha ajuda katika jeshi, na lori hilo la magurudumu sita aliliendesha akiwa kijana. Mwaka 1985 lilikuwa limelala kando ya barabara ya Niemba, likiwa chuma tu, akaliokoa. Alitaka litembee katika sherehe za serikali za tarehe 24 Novemba 1986, likiwa na sura ya siku yake ya kwanza. Kila mtu alikuwa na ushauri wake. Wengine walitaka kijani kinachong'aa, wengine mabaka kama nguo za makomando. Florent hakubishana nao. Aliingia chini ya tangi la mafuta na kipande cha wembe, akakwangua nyekundu ya mwenye duka fulani aliyewahi kulimiliki, akakwangua bluu iliyokuwa chini yake, mpaka akaikuta rangi ya kwanza kabisa: kijani kilichofifia, kinachoelekea kahawia, kisichong'aa hata kidogo.

Alichanganya kijani, nyeusi na manjano, akapaka vifuniko vya makopo, akavitundika ukutani juani. Alisema rangi mbichi inadanganya, ni lazima uingoje ikauke ndipo ikuambie ilivyo. Papa Grégoire alipita mbele ya vifuniko vile, akasimama kwenye kimoja, akaitambua rangi, akavua kofia.

"Njo hii," alisema. "Njo hii ilikuwa, siku walinipa ufunguo."

Florent alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi siku nyingine yoyote, na ninapenda mlijue hilo kabla sijaendelea.

Alisugua kutu yote kwa msasa na maji, akapaka rangi ya msingi, akangoja asubuhi nzuri. Haikuja. Mvua ya mwezi wa kumi na moja mnaijua. Sherehe zilikaribia, basi lori likaingizwa katika depo ya mahindi ya Papa Grégoire, na Florent akaanza kupuliza humo, milango miwili ikiwa wazi. Upepo wa ziwa ukaingiza mvua, matone yakaharibu ubavu mzima. Akaurudia, kisha akafunga milango yote miwili. Taa ilikuwa hafifu, pumzi yake ilipanda kutoka kwenye maski ikatia ukungu miwani yake ya kazi, hakuona tena mahali rangi ilipoishia. Akaivua maski. Alijua hatari yake kuliko mtu yeyote katika mji huu, lakini aliyaamini maziwa.

Adrienne alileta chakula. Kabla hajagonga alisikia kikohozi. Alifungua mlango, ukungu wa kijani ukamtokea, na Papa Grégoire, aliyekuwa barazani, aliyasikia haya kwa masikio yake.

"Papa Emile, toka humo. Hii rangi itakuua."

"Nitakunywa maziwa mara mbili, Mama. Funga mulango, mvua inaingia."

Hakufunga. Alisimama mlangoni na kulia, na Florent mwenyewe akaja akaufunga. Alipuliza siku mbili. Tarehe 24 lori lilipita mbele ya watu wote, na wazee waliowahi kuwa askari walipiga saluti bila kuambiwa.

Kikohozi kisichokoma kilianza Januari 1987. Kwanza aliacha kuimba kwaya, halafu akashindwa kupanda kilima, halafu hata kubeba pistole. Mwezi Juni 1988 nilimpeleka hospitali pamoja na mkewe, wakampiga picha ya kifua. Daktari alituonyesha mapafu yalivyokauka, akasema ni rangi, ya miaka yote, na ile ya depo ilimalizia. Florent alimwuliza kuhusu maziwa. Daktari alimjibu kwa upole: "Papa, maziwa yanashuka tumboni. Rangi iliingia kwenye mapafu. Hayakutani." Mdogo wangu alimgeukia mkewe, akamwambia neno moja: "Ulisema." Niliumia sana siku ile, na ninaumia hata sasa ninaposoma.

Miezi ya mwisho hakumeza kitu ila maziwa, na kila alipomeza alikohoa, kwa sababu pumzi haikumtosha kumeza na kupumua. Mdogo wetu Basile alikuja Noeli, akaliona hilo. Juzi, mbele ya maiti, aliuliza: "Ile maziwa alikuwa anamupa kila siku, ilikuwa na nini ndani?" Basi mji mzima umelishika swali hilo. Basile, mdogo wangu, mimi nakujibu hapa. Ilikuwa na maziwa. Wewe mwenyewe uliyanywa Noeli ile, ukaomba kikombe kingine. Kilichomuua Florent daktari amekisema, na Papa Grégoire alisikia ni nani aliyejaribu kukizuia. Najua unalia, na mtu anayelia anatafuta wa kumshika shati na kumlaumu. Shati hili liachie.

Florent Kyomba alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 1989, saa kumi za alasiri, nyumbani kwake Kataki, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Hakuweza kupumua akiwa amelala, kwa hiyo Adrienne alimwegemeza kifuani mwake tangu asubuhi, na humo ndimo alimokata roho. Mimi nilikuwa nimeshika miguu.

Ameacha mjane mmoja, Mama Adrienne, ambaye jina lake nimeliandika la kwanza kwa makusudi, na ambaye atabaki katika nyumba ya mumewe. Ameacha watoto watatu: Emile, Immaculée na Mado. Ameacha mdogo wake Basile, na mimi Marthe, niliyezaliwa kabla yake na sasa ninamzika.

Ndugu wamepanga kwamba udongo wa kwanza utupwe na ukoo, na mjane asubiri kule nyuma. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu. Ninaweka karatasi hii chini, ninakwenda kumshika mkono na kumleta hapa. Atatangulia yeye, nasi tutamfuata.

Florent, mdogo wangu, lala katika amani ya Mungu. Mke wako niko naye.